Kaneloni za Koko Wawili

Asifiwe mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga rafiki zako wa kwaya, na mimi nimeketi kwenye kibaraza cha jikoni na kalamu ya mdogo wako, vidole vikinuka vitunguu. Mvua imekatika. Sufuria iko juu ya makala ya moto, na makala mengine juu ya kifuniko. Koko yako Maliya, mama wa papa yako, ameketi kando ya moto kwenye kiti chake kifupi, ananitazama kama mtu anayejua kwamba nitafunua kabla ya wakati. Nimeshainuka sijui mara ngapi. Nimefagia mahali palipokwisha kufagiwa. Nimetoka hadi barabarani kuuliza kama gari la kesho limepata mafuta, na kijana wa pale akaniambia, "Mama, umeuliza asubuhi." Kweli, niliuliza asubuhi.

Chandarua, mabuti, dawa ya tumbo, kadi yako ya uchaguzi: hayo umeshayasikia, na umenijibu "Ndiyo, mama" kwa sauti ile uliyowapa wagonjwa wakorofi ulipokuwa mafunzoni. Siyarudii. Naandika kwa sababu kuna maneno ambayo kila nikitaka kukuambia, naona ndoo haina maji, nakwenda kuchota. Karatasi ni mvumilivu. Nikikimbia, ninaikuta palepale.

Kesho unakwenda Boga kuanza kazi ya uuguzi, na huko hawakujui. Watasikia jina lako la ukoo, wataangalia uso wako, kisha watauliza kwa upole, "Papa yako ni wa wapi? Na mama?" Jibu lolote utakalotoa litamfurahisha mmoja na kumnyima mwingine usingizi. Hilo ndilo linaloniinua kwenye kiti, kuliko barabara. Barabara naiogopa kama kila mtu hapa, kwa ajili ya wenye bunduki. Lile swali naliogopa kama mtu aliyewahi kulijibu vibaya.

Acha nianzie kwenye chakula, maana huko nyuma ndipo ninapoweza kukaa kidogo.

Nilipokuwa msichana, kabla sijamjua papa yako, nilikuwa naosha sahani kwenye nyumba ya wageni ya masista. Kulikuwa na sista mzee kutoka Italia, Sista Lidia, mfupi, mkali kwa kila kitu isipokuwa paka. Siku za sikukuu alikuwa anakanda unga wa ngano na mayai, anausukuma kwa chupa hadi uwe mwembamba kama kitambaa, anakata vipande vya ukubwa wa kiganja na kuvichemsha kidogo tu. Kila kipande alikijaza lengalenga, ule mchicha wetu, na fromaji, jibini ya masista, akakikunja kama mkeka, akavilaza vyote kwenye sinia vikiwa vimebanana kama watoto kitandani. Halafu mchuzi wa nyanya juu, na sinia ndani ya tanuri. Aliviita kaneloni. Siku ya kwanza kuonja nilimwambia ukweli wangu.

"Sista, hii ni chakula ya mutu hana meno."

Akafungua kinywa kunionyesha. Kweli, upande mmoja hayakuwepo. "Ndiyo maana naipika," akasema, na kuanzia siku hiyo akaniita nikunje naye. Alisema kwao, siku ya kukunja, hata kaka zake wakorofi waliitwa jikoni. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na haraka ya kuolewa.

Nikaolewa. Hatukuwa na tanuri, tulikuwa na jiko la makala na sufuria. Nilipojaribu mara moja kumpikia papa yako, alikula yote kwa heshima, akapangusa midomo, kisha akaniuliza, "Na bugali iko wapi?" Nikaacha kabisa, miaka ikapita. Nakuambia haya ili usije ukafikiri mama yako alikuwa na hekima ya kukileta chakula hiki nyumbani kwa kusudi lolote. Sikuwa nayo.

Vita viliporudi kwetu Djugu, meno yako ya utoto ya mbele yalikuwa yameng'oka. Mama yangu, koko Rebeka, ndiye aliyefika wa kwanza, miguu imevimba, amebeba Biblia na kibuyu cha maziwa kitupu. Ng'ombe hakuwa nao tena. Kabla uvimbe haujashuka, papa yako akaingia amemshika mama yake, koko Maliya, ambaye siku hiyo hakuweza kusimama mwenyewe kwa uchovu. Kijiji chake nacho kilikuwa kimechomwa. Kila mmoja alikuwa amewakimbia watu wa kabila la mwenzake. Na mimi nilikuwa na nyumba moja ya vyumba viwili hapa mtaa wa Lumumba, yenye mlango mmoja.

Mama yangu aliniita nyuma ya choo.

"Weye ni mutoto yangu, siwezi kukuficha. Chakula yenye ule mama amegusa, mimi nitakula hapana."

Koko Maliya hakuniambia kitu. Alimwambia mwanawe, na papa yako akaniambia huku akitazama ukuta: "Mama anasema anaogopa sumu."

"Sumu yangu?"

"Si ya weye. Ya mama yako."

Basi nikawasha mioto miwili. Sufuria moja mbele, nyingine nyuma. Muhogo uliomenywa na huyu haukuingia kwa yule, na maji yaliyochotwa na yule huyu hakuyanywa. Nilikuwa nazunguka nyumba kutwa kama mbuzi aliyefungwa kamba, lakini nilijisifu. Nilimwambia jirani, "Kwangu hakuna kelele." Wewe ulizoea kula na mama yangu na mdogo wako Eliya alizoea kula na koko Maliya, na hata hilo sikuliona, mpaka siku ile uliposimama katikati ya ua na sahani tupu ukaniuliza, "Mama, mimi niko wa sufuria gani?"

Nilikujibu, "Kula popote, acha kunisumbua."

Sijutii ile mioto miwili. Watu walikuwa wametoka kuzika ndugu zao, wengine hata hawakupata wa kuzika, na hofu yao haikuwa ya kuchekwa. Kosa langu lilikuwa kuona hakuna kelele nikadhani pana amani, nikaacha kutafuta. Utakutana na nyumba za hivyo huko kwenye kazi yako. Zinakuwa safi sana.

Koko Maliya amenikamata nimefunua sufuria. "Unaitoa moshi yote," amesema. Nimerudi kukaa.

Kosa lililofuata uliliona kwa macho yako. Ilikuwa Pasaka. Nilichoka. Nikamwalika pasta, nikaalika majirani, nikawakalisha koko wako wawili kwenye benchi moja bila kuwaambia, na chakula kilipofika nikasimama mbele ya watu nikasema, "Leo mama zetu watasalimiana na kula pamoja." Nilitaka machozi. Nilitaka watu waseme huyu mke ni wa ajabu. Mama yangu akanyoosha mkono, maana alikuwa mtu wa kanisa na pasta anamwangalia. Koko Maliya aliutazama ule mkono muda mrefu. Akainuka, akachukua kitenge chake kwenye kamba, akatoka. Usiku huo alilala kwenye kambi ya wakimbizi, chini ya turubai, kwa mama mmoja wa kijijini kwake.

Papa yako hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Kila jioni akitoka kwenye ujenzi alipitia kambini kwanza, akija nyumbani ananikuta nimekaa na chakula kilichopoa, anasema "Anasalimia watoto," anakwenda kulala. Mimi sikwenda. Nilijiambia ni koko Maliya aliyeniaibisha.

Halafu nikaanguka. Nilikuwa natoka kuchota maji, matope yakaniangusha, mkono wa kulia ukavunjika. Wakati huohuo papa yako alikuwa anamjengea mwoka mikate mmoja tanuri, na yule mtu akampa mfuko wa unga wa ngano uliokuwa umelowa pembeni. "Fanya nayo kitu kabla haijaharibika," papa yako akaniambia. Na mimi, mkono umefungwa shingoni, nikamkumbuka Sista Lidia.

Ilikuwa Jumapili. Mama yangu ndiye aliyekuwa anasukuma unga kwa chupa, juu ya meza ileile unayopigia pasi, kwa hasira ya mtu anayefua nguo za mwingine. Hakuwahi kuona chakula cha namna hiyo. Mimi nilikuwa naelekeza, yeye hanisikii. Hapo akatokea koko Maliya, amekuja kuwaona wajukuu. Akasimama kwenye mlango wa jikoni na fimbo yake. Hakuna aliyemkaribisha, hakuna aliyemfukuza.

"Ile unga imekauka," akasema hatimaye. "Itapasuka yote."

Mama yangu hakuinua uso. "Kama unajua, kuya ufanye weye."

"Mimi najua hapana. Naona tu."

"Hata siye hapa tunajua hapana. Nawa mikono."

Asifiwe, nilitaka kusema kitu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: asante Mungu, mnaona sasa, nilisema mimi. Nikakumbuka Pasaka. Nikageukia vitunguu, nikavikata kwa mkono wa kushoto, vibaya, huku nalia, na kila mtu akaelewa kwamba ni vitunguu.

Walinawa kwenye beseni moja. Koko Maliya akaongeza maji kwenye unga, akaukanda, akamrudishia mama yangu asukume. Vipande vilipochemka waliketi pande mbili za meza wakakunja, na kila mmoja alikuwa anatazama vidole vya mwenzake. Mama yangu alikunja legelege. Koko Maliya alikaza, kama anavyofunga kwanga, mkate wa muhogo, kwenye majani. Wewe ulikuwa chini ya meza unaokota lengalenga iliyodondoka na kuila. Kila kipande kilipitia mikono ya wote wawili, mbele ya macho ya wote wawili, na mwisho vikalala kwenye sufuria moja, na ukiniuliza leo kipi kilikuwa cha nani, sikuweza kujua hata siku ileile.

Viliungua chini na juu vikabaki vibichi. Tuligawa hivyohivyo. Mama yangu alitafuna kidogo, akaweka kijiko.

"Chakula gani hii?"

"Ni ya kutupa," koko Maliya akasema.

Papa yako akaanza kucheka, nikamkanyaga chini ya meza. Ilikuwa mara ya kwanza wale wanawake kukubaliana kwa jambo lolote, na sikutaka kicheko kiwatishe. Koko Maliya akachokonoa ile sehemu iliyoungua kwa mpini wa kijiko. "Moto ilikuwa mingi chini. Juma yenye inakuya tutaweka makala juu ya kifuniko."

Tutaweka, alisema. Nililala na neno hilo.

Juma lililofuata walianza kugombana. Koko Maliya alileta samaki wa ziwani, wa Tchomia, waliokaushwa, waliotoka kwa yule mama wa kambini, akataka kuwajaza ndani. Mama yangu akasema samaki na fromaji kwenye mfuko mmoja ni matusi kwa ng'ombe. Koko Maliya akamuuliza ng'ombe gani, anamwona wapi. Mama yangu akasema, "Kweli. Iko hata moja hapana." Na akavuta lile bakuli la samaki karibu yake, akaanza kutoa miiba. Ndiyo sababu hadi leo kaneloni zetu zina samaki, na ndiyo sababu Sista Lidia akifufuka atanichapa.

Koko Maliya alirudi nyumbani kabla mkono wangu haujapona. Lakini huko Boga usimwambie mtu kwamba chakula kiliwapatanisha. Mama yangu hakumsamehe mtu hadi anakufa, na hakuna aliyemwomba. Habari mbaya zikitoka Djugu, kila mmoja aligeukia ukuta wake. Hawakuitana dada. Jumapili walikunja, basi. Kwa miaka mingi niliona ni kidogo, nikatamani zaidi, na kutamani kwangu kulikuwa kunanifanya nisile vizuri hata siku hizo.

Sasa nafika pale ambapo nimekuwa nikikwepa. Nimeinuka hapa, nimeongeza makala, nimerudi.

Mama yangu alipofariki, matanga yalikuwa hapa nyumbani, unakumbuka. Koko Maliya alikuwa amemwosha miguu kwa wiki zote za ugonjwa. Alijipanga kukaa kwenye mkeka na wafiwa, alikuwa amevaa kitenge cheusi alichoazima. Mjomba wako Ezra, kaka yangu mkubwa, alifika na watu wa kwetu, akamwona. Akanivuta pembeni, lakini hakupunguza sauti.

"Ule mama anatafuta nini pale? Watu yake ndio bametumaliza. Mutoe."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka mizima ya majibu. Nikatazama chini nikanyamaza, na koko Maliya, ambaye masikio yake ni mazima, aliinuka mwenyewe, akaenda kukaa jikoni, nyuma, karibu na majivu. Kisha nikakuona wewe. Ulitoka kwenye mkeka wa wajukuu, mbele ya watu wote, ukapita mbele ya mjomba wako bila kumtazama, ukaenda kuketi chini karibu naye hadi watu walipotawanyika. Hujaniambia neno juu ya siku ile hadi leo. Unaniita mama, unanisaidia, unacheka na mimi, lakini tangu siku ile kuna chumba ndani yako umekifunga, na mimi napita mlangoni kila siku na ndoo yangu.

Ulikuwa sawa. Nimeliandika. Uliniuliza ukiwa mdogo uko wa sufuria gani, na mimi nikakupa jibu la kukufukuza. Ulipokua ulijijibu mwenyewe, mbele ya watu, wakati mama yako ameshikwa na haya. Sikuona haya kwa ajili ya koko Maliya. Niliona haya kwa ajili yangu, kwamba watu wa kwetu wataniona nimewasaliti. Hivyo ndivyo lile swali linavyokamata mtu. Halikuulizi kwenye utulivu. Linakuuliza ukiwa umefiwa.

Jana nilikwenda kwa Ezra. Sikumwambia mtu, hata papa yako. Nilimkuta anatengeneza banda la kuku. Nikamwambia, "Kesho Asifiwe anakula na siye mara ya mwisho. Kuya ukule."

"Nani anapika?"

"Mama mukwe wangu anakunja. Na ndiye atagawa." Akageukia misumari yake. Nikaendelea, maana nilijua nikinyamaza nitatafuta ndoo: "Yaya, kaka yangu, yeye ndiye aliosha mama. Weye ulikuwa wapi? Siku ya matanga nilipaswa kukuambia. Nakuambia leo."

Alipiga msumari mmoja ukapinda. Nikaondoka. Tangu saa hiyo sijatulia, na sasa unajua kwa nini nilifagia ua wote na kwa nini kuna sahani moja zaidi ambayo uliniuliza nikakuambia ni ya dharura.

Nasikia pikipiki. Nakwenda kuona.

Nimerudi. Tumeshakula, mapema kama tunavyokula siku hizi, na wewe umemsindikiza mjomba wako hadi barabarani kabla giza halijaingia. Uliona yote, lakini nataka kuliandika jambo hili jinsi lilivyokuwa, ili tusije tukalipamba baadaye. Alikuja. Aliketi na koti lake mwilini, kofia kwenye goti. Papa yako aliomba sala fupi. Koko Maliya alimgawia Ezra wa kwanza, vipande viwili, akaishika ile sahani bila kumpa. Akachukua kijiko chake mwenyewe, akakata pembe ya kipande, akatia kinywani, akatafuna, akameza, sote tukitazama koo lake. Ndipo akamwekea sahani mbele.

Ezra aliizungusha kofia gotini hadi Eliya akaanza kukohoa. Kisha akala. Alipofika nusu akasema, bila kuinua macho, "Chumvi iko kidogo."

"Chumvi iko pale," koko Maliya akajibu, akamwonyesha kwa kidevu.

Akainuka akaichukua mwenyewe. Alipoaga alimwambia koko Maliya "Mubakie vizuri, mama," na mama ni neno tunalompa kila mtu, hata muuza mchicha, kwa hiyo sitalipima. Lakini alikula akamaliza.

Koko Maliya ananiuliza naandika nini tangu mchana. Nimemwambia ni barua yako. Amesema nikuambie mfupa wa samaki utafutwe kwa vidole, si kwa macho. Basi nimekuambia.

Sijui utamjibu nini mtu wa Boga. Sina jibu la kukufungia kwenye begi pamoja na chandarua. Ninachojua ni kwamba mimi mara mbili nilikosea kwa sababu ya watu wanaotazama: mara moja nilisema sana mbele yao, mara nyingine nikanyamaza mbele yao. Nilipoweza kidogo, nilikuwa jikoni, mkono umevunjika, hakuna aliyekuwa ananisifu.

Nasikia sauti yako kwenye uzio, unamsalimu jirani. Barua hii nitaiweka chini ya nguo zako za kazi, hutaiona kabla ya kufungua begi. Lakini neno la ile siku ya matanga silitaki libaki kwenye karatasi peke yake. Sasa hivi nakuja kukufungulia mlango, na nataka kukuomba msamaha kwa mdomo wangu, kabla sijaona kazi nyingine ya kushika. Ndoo naiona pale, nusu tupu.

Ukiisoma hii Boga, utakuwa unajua tayari kama niliweza.

Mama yako